Saundikadi ya Studio ya Nyumbani: Kilelengwani Tununue Ipi?

Mwenye Sh25,000 na nia ya kurekodi nyimbo nyumbani kwake Kilelengwani, kwenye delta ya Tana, hana uwezo wa kununua mara mbili. Maduka ya vifaa vya muziki yenye uchaguzi wa maana yako Mombasa na Nairobi. Kifaa kikifika kibovu, kukirudisha ni bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi mjini na siku nzima ya kazi kupotea. Ukifika huko, unakumbana na kibao kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo nitataja mapema kinachofaa, sababu zitafuata. Tafuta saundikadi ya nje yenye matundu mawili ya maiki, inayoendeshwa na waya wa USB pekee bila adapta ya ukutani, na yenye kitufe cha volti 48 cha maiki za kondensa. Pesa zisipotosha, shuka hadi ya tundu moja la maiki, ya aina hiyohiyo. Usishuke chini ya hapo. Na kama huna laptopu nzima inayofanya kazi, saundikadi iache kwanza. Kifaa chako ni rekoda ya mkononi.

Bei ninazotaja ni makadirio ya maduka ya mjini na ya mauzo ya mtandaoni. Hupanda na kushuka na dola, kwa sababu karibu vifaa hivi vyote huagizwa kutoka nje. Zitumie kupangia bajeti, kisha upigie simu maduka matatu kabla ya kutoa hata shilingi.

Anza na umeme

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina sauti nzuri. Huku kwenye delta ya Tana swali la kwanza ni itakula umeme gani, maana kuna wanaotegemea sola, na hata penye nguzo za stima, stima yenyewe hukatika.

Saundikadi ndogo hutosheka na tundu la USB la laptopu. Tundu la kawaida la zamani hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5 tu, na hizo zinatosha. Zile kubwa, hasa za matundu manne kwenda juu, huja na adapta yake ya ukutani. Dukani unaweza kuipuuza tofauti hiyo. Nyumbani inaamua kama utarekodi au hutarekodi.

Sababu ni invata. Mwenye sola mara nyingi ana invata ya bei rahisi, ambayo umeme wake si wimbi laini kama wa stima bali hupanda na kushuka kwa ngazi. Taa na chaja ya simu hazijali. Ila ukichomeka humo adapta ya saundikadi, au hata chaja ya laptopu, mara nyingi utasikia mvumo mwembamba kwenye hedifoni. Mvumo huo unarekodiwa pamoja na sauti ya mwimbaji, na kuutoa baadaye ni kuikwangua sauti yenyewe.

Dawa yake haigharimu kitu: chomoa chaja, rekodi kwa betri ya laptopu, na saundikadi inyonye kwenye laptopu. Lakini hilo linawezekana tu kama saundikadi ni ya USB. Hii ndiyo sababu nasema ya adapta usiichukue hata ukiipata kwa bei ya kutupa, isipokuwa una invata ya wimbi laini na pesa za kuilisha.

Gharama iliyojificha hapa ni betri ya laptopu. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba kutoka Uingereza na kwingineko, na betri zake zimechoka. Saa moja ikizidi sana. Betri ya kubadilisha ni kama Sh3,000 hadi Sh4,500, na pesa hizo ziwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Njia nyingine ni chaja ya laptopu ya kwenye gari, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Kwa Sh1,500 hadi Sh3,000 unaiondoa invata katikati, na umeme kidogo ulio nao haupotei sana kwa joto.

Hesabu ya sola yenyewe ni nyepesi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 na volti 12 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 600. Laptopu, saundikadi na vikorokoro vingine vikila wati 60 kwa pamoja, unapata saa 10. Betri ya ampea-saa 50 inakupa saa tano. Punguza kidogo kwa upotevu wa njiani. Anayerekodi jioni mbili au tatu kwa wiki anaweza kutumia betri iliyopo ya nyumbani, mradi wa nyumbani wakubali kuzima televisheni.

Visanduku vya taa na vicheko

Bidhaa itakayokufikia kwanza, kwa tangazo la simu au kwa muuzaji wa vifaa vya simu, ni kile kisanduku chenye vitufe vingi vya kuwaka: kimoja kinatoa makofi, kingine kicheko, kingine kinabadili sauti ya mwanamume kuwa ya mtoto. Peke yake ni Sh1,500 hadi Sh3,000. Kwa seti, pamoja na maiki, mkono wa kubana mezani na chujio la pumzi, ni kama Sh4,000 hadi Sh6,000. Boksi limeandikwa "studio" kwa herufi kubwa.

Kitazame kwa karibu kabla hujalipa. Vingi havina tundu la maiki la pini tatu, lile la XLR. Waya wa maiki una pini tatu upande wa maiki, na upande wa pili una jeki ndogo kama ya hedifoni ya simu. Maiki ya kondensa iliyotengenezwa vizuri hutaka volti 48, na kajeki hako hakazipeleki. Ndiyo maana maiki ya seti hiyo hutoa sauti hafifu yenye mchakacho kama mvua ya mbali.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Kisanduku huchanganya sauti, mwangwi na muziki papo hapo na kuipa laptopu mchanganyiko uliokwisha kuiva. Ukigundua kesho kwamba mwangwi ulizidi, huna la kufanya ila kuimba upya.

Anayetaka kuimba mubashara kwa simu na kusalimia marafiki, kinamfaa, na pesa zake hazijapotea. Anayetaka kurekodi wimbo aupeleke redioni au auuze, asikinunue. Hizo Sh5,000 za seti ni nusu ya saundikadi ya kweli.

Kama Sh5,000 ndizo zote ulizo nazo na huwezi kungoja, afadhali maiki ya USB, ile inayochomekwa kwenye laptopu bila kitu katikati. Zipo za Sh3,500 hadi Sh10,000. Kwa sauti moja juu ya biti, kwa mahubiri au kwa masimulizi, inafanya kazi ya heshima. Kasoro yake ni kwamba haikui. Huwezi kuongeza gita wala maiki ya pili bila kuisumbua laptopu, na tundu lake dogo la USB likilegea, umepoteza maiki na saundikadi kwa mpigo.

Tundu moja au mawili?

Saundikadi ya tundu moja la maiki, pamoja na tundu la gita, ni Sh8,000 hadi Sh12,000. Ya matundu mawili ya maiki huanzia kama Sh15,000, na zile za majina makubwa hufika Sh35,000. Unalipia nini cha ziada?

Kwa mwimbaji wa peke yake anayetungia biti kwenye laptopu, hulipii chochote cha maana. Sauti moja inaingia kwa tundu moja. Mtu huyo achukue ya bei ndogo na tofauti aiweke kwenye maiki.

Lakini muziki wa kando ya Tana haukai hivyo. Kuna kwaya, kuna kasida, kuna ngoma, kuna bibi anayeimba huku mwenzake akiitikia. Wimbo wa taifa wa Kenya, ule tunaousimamia tangu uhuru mwaka 1963, ulijengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Uliokotwa kwa sababu kulikuwa na watu waliousikiliza na kuuandika. Nyimbo nyingine za kina mama na za wazee bado zimo vichwani tu, na wenyewe wanazeeka. Kijana wa Kilelengwani mwenye maiki mbili anaweza kuweka moja kwa mwimbaji na nyingine kwa ngoma, kila moja kwenye njia yake, kisha akazipatanisha taratibu jioni. Mwenye maiki moja atalazimika kumwambia mpiga ngoma asogee nyuma, na ngoma ikisogea wimbo unapoa.

Kwa kwaya nayo, maiki mbili zilizosimamishwa mbele kwa kupishana kidogo zinatosha. Huhitaji maiki kwa kila mwimbaji. Hivyo saundikadi ya matundu manne, ya Sh28,000 kwenda juu, waachie wenye bendi nzima na umeme wa kuaminika.

Kuna anayejiuliza kama atanunua mikseri yenye USB, kwa kuwa Jumapili itatumika kanisani na Jumamosi harusini. Wazo si baya, na mikseri ndogo za Sh5,000 hadi Sh10,000 zimejaa. Ila muulize muuzaji swali moja: USB inapeleka njia ngapi kwenye laptopu? Nyingi za bei hiyo, hata zikiwa na matundu manane, hupeleka mbili tu zilizokwisha kuchanganywa. Pia mikseri nyingi hutaka umeme wa ukutani, na hapo tunarudi kwenye invata. Kama kazi yako kubwa ni spika za harusi, chukua mikseri. Kama kazi yako ni kurekodi, usichukue.

Mambo mawili kwenye boksi

Boksi la saundikadi limejaa namba na sifa. Zinazokuhusu ni mbili.

Ya kwanza ni kitufe au swichi ya kujisikia moja kwa moja, yaani mwimbaji asikie sauti yake kwenye hedifoni kabla haijapita kwenye laptopu. Laptopu ya mtumba ni nzito. Bila swichi hiyo, sauti yako inakurudia imechelewa na huwezi kushika mapigo. Saundikadi isiyo nayo usiiguse, hata ikisifiwa vipi.

Ya pili ni kasi ya kurekodi. Utaona "kilohezi 192" imeandikwa kama tuzo, na bei imepandishwa kwa ajili yake. Kwa biti 24 na kilohezi 48, dakika moja ya njia moja ni karibu megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika nne wenye njia 10 ni kama megabaiti 346. Kwa kilohezi 192 wimbo huohuo unameza gigabaiti 1.4 za diski, na msikilizaji wa redio au wa simu hatasikia tofauti. Usilipie namba hiyo.

Maiki inaweza kukuangusha

Wanunuzi wengi hutumia pesa zote kwenye saundikadi, kisha wakaja na maiki ya Sh800 ya karaoke. Sauti inaingilia kwenye maiki. Ikiingia mbovu, saundikadi itaitunza mbovu hivyohivyo.

Nyumba zetu ni za mabati au makuti, na madirisha hayazuii kitu. Maiki ya kondensa husikia mbali: mbuzi, bodaboda, watoto wa jirani, adhana, mvua. Inapendeza kwenye chumba kimya, na chumba kimya huku ni saa nane za usiku. Kwa nyumba ya kawaida nunua maiki ya dainamiki, ile ya umbo la kushika mkononi. Inasikia kilicho karibu na mdomo, haihitaji volti 48, na inavumilia kuanguka na unyevu. Nzuri ya kuanzia ni Sh3,000 hadi Sh5,000. Ile maarufu inayoonekana kwenye kila jukwaa duniani ni zaidi ya Sh10,000, na ukiiona inauzwa Sh1,500, hiyo ni bandia.

Dainamiki ina sharti lake. Sauti yake ni ndogo, kwa hiyo saundikadi lazima iwe na nguvu ya kuikuza. Zile za bei ya chini kabisa, ukizungusha kitufe hadi mwisho ili kupata sauti, huanza kuchakacha. Imba karibu, vidole vitatu au vinne kutoka maiki, nawe utapona. Mwenye sauti ya upole, au anayerekodi kinanda cha mbali, ataliona tatizo hili mapema.

Vinavyokula pesa kimyakimya

Waya wa XLR wa mita tatu hadi tano ni Sh500 hadi Sh1,000. Stendi ni Sh1,500 hadi Sh2,500; unaweza kuanza na fito iliyosimikwa kwenye debe la mchanga, hakuna atakayesikia. Hedifoni zinazofunika sikio lote ni Sh3,000 hadi Sh6,000, na hizo usizikwepe, maana zile za simu huvuja na mlio wake huingia tena kwenye maiki. Spika za studio ahirisha kabisa mwaka huu.

Halafu bando. Saundikadi nyingi hutangazwa kuwa zinakuja na programu ya kurekodia bure. Ndani ya boksi hakuna programu. Kuna namba ya kujisajilia mtandaoni, kisha unapakua gigabaiti kadhaa. Kwa bando la simu hizo ni pesa. Pakua ukiwa mjini penye waifai, au omba dukani waipakue hapohapo. Na ujue kuna programu za kurekodi za bure kabisa ambazo ni ndogo na zinatosha kuanzia. Ipo pia moja inayotumiwa na mafundi wengi, nyepesi kwa laptopu dhaifu, ambayo leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 na hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili. Programu za wizi zinazogawanywa kwa flashi huja na virusi, na virusi vikila diski, nyimbo za watu zimekwenda.

Kulipa nako kuna makato. Ukituma Sh20,000 kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu, unakatwa zaidi ya Sh100, na wengine hukuomba uongeze ya kutolea. Lipia kwa till ya duka: mnunuzi hakatwi, na jina la biashara linatokea kwenye ujumbe. Muuzaji asiye na till, anayetaka pesa kwa namba yake binafsi kabla hujaona mzigo, mwache. Uliza pia kama bei ina VAT. Sh18,000 bila VAT ya asilimia 16 ni Sh20,880 ukifika kaunta.

Kuagiza mwenyewe kutoka ng'ambo kunavutia kwa bei ya skrini tu. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, ada ya tangazo la uagizaji, tozo ya reli, na VAT inayokokotolewa bei ikiwa imekwisha kuongezwa ushuru. Kwa kifaa kimoja kidogo haina faida.

Mwisho ni parseli. Mabasi ya Mombasa na Lamu hupita Minjila na Witu, na huko ndiko mzigo unakoshuka; kutoka hapo ni bodaboda. Ukinunua kwenye maduka ya mtandaoni, angalia kituo cha kuchukulia kabla ya kubofya. Kikiwa Malindi, ambako ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, nauli ya kwenda na kurudi itapita Sh1,000 na ule "usafirishaji wa bure" hautakuwa bure. Tazama kalenda pia. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Kama unanuia kununua, mzigo uwe umefika kabla ya mvua kuanza.

Ya mtumba

Saundikadi ya mtumba ya matundu mawili hupatikana kwa Sh9,000 hadi Sh15,000, na mimi naiona ndiyo nafuu kubwa kuliko zote kwa mwenye pesa kidogo. Ndani yake hakuna mota ya kuchakaa. Vinavyokufa ni tundu la USB, vitufe vya kuzungusha na swichi ya volti 48, na vyote vitatu vinapimika kwa dakika tano.

Usikubali yenye waya wa fayawaya, hata ikisifiwa kwamba ilikuwa ya studio kubwa. Laptopu za leo hazina tundu hilo. Ya USB nayo, uliza drayva yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na saundikadi kuukuu ambazo kampuni zake hazikutoa drayva ya Windows 11 zinauzwa sasa kwa bei ya kuchekesha kwa sababu hiyo. Salama zaidi ni ile inayotambuliwa na kompyuta bila drayva yoyote. Hizo ndizo pia zinazokubali simu kupitia kiunganishi cha OTG cha Sh200 hadi Sh500, ingawa simu nyingi hushindwa kuzilisha ukiwasha volti 48. Na kumbuka programu ya bure ya mtumba imekwisha kusajiliwa na mwenyewe wa kwanza. Usilipie ahadi hiyo.

Rekoda ya mkononi

Asiye na laptopu ananunua saundikadi ya Sh15,000, laptopu ya mtumba ya Sh20,000, na betri ya laptopu. Kwa pesa hizohizo, Sh30,000 hadi Sh45,000, anapata rekoda ya mkononi yenye maiki zake mbili juu na matundu mawili ya XLR chini. Inaendeshwa na betri ndogo kama za rimoti. Inaingia mfukoni na kwenda kwenye ngoma yenyewe, hata Ozi au Kipini, badala ya ngoma kuja chumbani kwako. Nyingi zinaweza kuchomekwa kwenye laptopu baadaye zikawa saundikadi. Ndogo zisizo na XLR ni Sh12,000 hadi Sh20,000.

Kasoro yake: kuimba juu ya ulichokwisha kurekodi ni kazi ya kuchosha, na upepo wa kusi ukipiga maiki zake unasikika kama lori. Nunua kofia yake ya manyoya pamoja nayo. Kwa mwenye nia ya kuhifadhi nyimbo za wazee kuliko kutoa singo, mimi ningeanzia hapa bila kusita.

Mgawanyo wa pesa

Mwenye Sh20,000 na laptopu: saundikadi mpya ya tundu moja kwa Sh9,000, dainamiki ya Sh4,000, hedifoni ya Sh3,000, waya Sh700, na zinazobaki ni za betri ya laptopu. Mwenye Sh25,000 atafute ya mtumba ya matundu mawili, mengine yabaki vilevile, na chenji ianze kuwekwa ya maiki ya pili. Mwenye Sh35,000 anunue mpya ya matundu mawili ya bei ya chini, dainamiki mbili na waya mbili. Asiongeze jina kubwa, aongeze maiki.

Mwenye Sh10,000 tu, kuna njia mbili. Maiki ya USB leo, au kuungana na wenzake wawili wa kwaya. Kuungana kunafaa, ila andikeni nani anakaa na kifaa na nani anakitengeneza kikiharibika. Mkopo wa simu kwa ajili ya saundikadi siushauri hata kidogo, maana riba yake huanza kuhesabiwa kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Kwa ile ya lipa mdogo mdogo, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku kabla ya kutia sahihi.

Ukiipata saundikadi, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Hewa ya chumvi hula pini za XLR na matundu ya USB polepole.

Siku ya kununua nenda na laptopu yako, si ya duka. Chomeka, washa volti 48, zungusha kitufe cha sauti hadi mwisho bila kusema neno, na usikilize: mchakacho mwepesi ni kawaida, mvumo au mikwaruzo si kawaida. Tikisa waya kwenye tundu la USB uone kama laptopu inaipoteza. Jaribu matundu yote kwa maiki moja, rekodi nusu dakika, isikilize. Dai risiti yenye namba ya kifaa na muda wa warantii. Kifungu cha 46 cha Katiba na sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 vinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, kibao cha ukutani kiseme kinachosema. Kisha ndipo uingize namba ya till.